Namba Ileile kwenye Kila Kisanduku

Sehemu ya Sita

Mama mmoja nisiyemjua aliingia dukani Jumanne, saa nne asubuhi, na hakuuliza bei ya kitu chochote.

Nilikuwa juu ya stuli nikipanga chaja. Nikamwamkia, nikamkaribisha. Akaitikia, akasimama mbele ya kaunta, akafungua mkoba na kutoa kitambaa kilichokunjwa mara nne. Ndani yake kulikuwa na kitu cheusi kilichojikunja kama kiwavi aliyeungua.

"Binti," akasema, "wewe ndiye Maabara?"

Nikashuka kwenye stuli.

Mlionifuata tangu wiki ya kwanza mnajua jina hilo nililipataje. Kwa anayeingia leo nitasema kwa kifupi. Nilimaliza chuo na shahada ya kemia, nikazunguka miaka miwili na bahasha ya vyeti mpaka ikachanika pembe. Kazi ya kwanza niliipata kwenye kiwanda cha sabuni, kikafungwa mwezi uleule niliopewa kitambulisho. Ya pili nilifukuzwa kwa kusema ukweli mahali ambapo hakuna aliyeniuliza. Hapo ndipo mjomba, kaka yake mama, aliponiambia nije nikae naye dukani. Anauza vifaa vya simu na sigara za umeme, zile ambazo mtaani wanaziita vepu. Akanipa kaunta, akanipa na jina la utani.

Vepu sikuzipenda. Lakini nilijiambia kwamba anayeacha sigara ya moto akashika hii angalau amepiga hatua, na kwamba nikikaa mimi hapo kwenye kaunta hakuna atakayeuziwa takataka. Mtu akishaitaka kazi hakosi la kujiambia.

Mzigo tulikuwa tunaununua mtandaoni, kwa wauzaji ambao hatujawahi kuwaona sura. Kila kisanduku huja na stika ya rangi ya fedha ubavuni, ya kukwangua kama vocha ya simu. Chini yake kuna namba. Unaiingiza kwenye tovuti ya mtengenezaji, unajibiwa kama kitu ni halisi au ni feki.

Tatizo, mteja akikuta stika imeshakwanguliwa anakirudisha kisanduku. Anasema hiki kimefunguliwa, nipe kingine. Kwa hiyo nikabuni utaratibu wangu: kwa kila katoni ninakwangua kisanduku kimoja tu. Chuoni ndivyo tulivyofundishwa. Chukua sampuli, pima, andika matokeo. Jibu likija zuri, naandika namba kwenye daftari langu, halafu visanduku vyote vya katoni ile navibandika kikaratasi kidogo nilichochapisha mwenyewe: "Kimehakikiwa. Maabara."

Mjomba alicheka sana siku ya kwanza. Baada ya mwezi aliacha kucheka, maana watu walikuwa wanaingia wakiulizia zile za Maabara.

"Ndiyo, mama," nikamjibu yule mgeni. "Ni mimi."

Akakisukuma kile kitu cheusi mbele yangu taratibu, kama mtu anayerudisha chenji iliyozidi.

Alinieleza akiwa amesimama, kiti alikikataa. Mumewe ni fundi rangi kwenye karakana ya samani, miaka kumi na saba anapuliza vanishi kwenye makabati na vitanda. Alikuwa mvutaji. Mwaka huu akaamua kuacha, akanunua vepu kwetu. Ijumaa iliyopita aliizima, akaiweka kwenye mfuko wa aproni, akaitundika aproni kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akaenda kula. Alisikia mlio kama wa mfuko wa karatasi unaopasuliwa. Aliporudi mbio aproni ilikuwa inawaka, na hatua tatu kutoka hapo kuna pipa la thina ya kuyeyushia rangi. Akaing'oa ile aproni msumarini kwa mkono, akatoka nayo nje.

Mkono wenyewe ni wa kulia. Wa kushikia bomba la rangi.

Na karakanani wamempa barua ya kujieleza. Wanasema alikuwa anavuta kazini akaitupa mfukoni ikiwa moto. Kikao ni Alhamisi saa tisa. Akishindwa kujieleza, anakwenda nyumbani na mkono wake.

"Anasema kabla ya hapo alipiga simu hapa dukani," yule mama akaendelea. "Alikwangua ile stika, tovuti ikamwambia namba imeshakaguliwa. Akaingiwa na shaka. Akapiga, akapokelewa na msichana, akaambiwa asiwe na wasiwasi. Kazini wanasema ametunga. Nimekuja kuuliza tu. Ni wewe?"

Nyuma yangu, pazia la stoo lilikuwa wazi nusu. Mjomba alikuwa ndani anapanga makava ya simu, na mikono yake ilikuwa imeacha kupanga.

"Sikumbuki, mama," nikasema. "Wanapiga wengi."

Nilikumbuka. Nilikumbuka siku, ilikuwa Jumamosi ya kabla ya moto ule, watu wamejaa mpaka mlangoni. Nilikuwa nimeibana simu kati ya sikio na bega huku nikimfungia mteja chaja. Sauti ya mwanamume, ya pole: dada, nimekwangua, wananiambia namba hii imeshakaguliwa. Na mimi nikacheka kidogo, nikasema ni mimi niliyeikagua, kaka, si umeona kikaratasi changu? Usiwe na wasiwasi. Akanishukuru. Alipokuwa ananishukuru nilikuwa nimeshaanza kumhudumia mwingine.

Angalieni kosa langu lilivyo. Stika aliikwangua yeye. Alipoipokea ilikuwa nzima. Sasa mimi ningeikaguaje namba ambayo ilikuwa bado imefunikwa? Hata mtoto wa darasa la pili angeuliza hivyo. Mimi mwenye shahada sikuuliza.

Yule mama hakubishana. Alisema haya, binti, ahsante. Akaniachia lile jibu langu la uongo kama lilivyo. Kabla hajakunja kitambaa, Chaji aliomba akitazame kile kitu. Chaji ni fundi simu aliyekodi pembe ya dirisha letu, na jina alilipata kwa sababu hajawahi kuonekana amechoka. Alikigeuza kwa kibano chake, akakipasua ganda, akachomoa betri.

"Hii si mpya, mama mkubwa," akasema. "Ni betri kuukuu, imevuliwa nguo ikavalishwa nyingine. Na kile kibao kidogo cha kukata umeme ikipata joto, hakipo kabisa. Wameweka gundi."

Kwa kawaida Chaji hamalizi sentensi tatu bila kunitania. Safari hii alinikabidhi kibano kana kwamba ni changu.

Mama alikuwa na kisanduku pia, kimebonyea upande mmoja, na kikaratasi changu bado kimeng'ang'ania juu. Nikaomba niisome namba. Nikafungua daftari.

Ilikuwa namba ileile.

Tarakimu kumi na mbili, moja baada ya nyingine, sawasawa na ile niliyoandika kutoka kwenye kisanduku changu cha sampuli. Nikadhani nimepitiwa, nimesoma mstari si wake. Nikasoma upya kwa kidole. Yule mama akakiweka kisanduku mkobani, akaaga, akatoka.

Nikachukua kisanduku kingine kutoka kwenye ile katoni, nikakwangua kwa ukucha. Ileile.

Nikaingiza kwenye tovuti. Jibu likaja kwa upole: namba hii imeshakaguliwa mara mia nne na sita.

Niliponyoosha mkono kuchukua cha tatu, mjomba alikuwa amefika. Akanishika kifundo cha mkono, si kwa nguvu.

"Inatosha," akasema. "Umeshaona."

Nilichokuwa nimekiona ni hiki. Chuoni walinifundisha kuchota kutoka kwenye chombo kilichokorogwa, tone moja likiwa sawa na jingine. Hawa watu walichukua namba moja halisi, wakaichapa kwenye kila kisanduku duniani. Mimi nikaonja kimoja, nikapata ladha nzuri, nikatia sahihi kwa vyote. Katoni ilikuwa na visanduku arobaini. Kimoja cha sampuli, kimoja nimekikwangua sasa hivi, kimoja kimeshawaka. Kumi na tano vimebaki rafuni. Ishirini na mbili viko mifukoni mwa watu.

Niliruka kaunta. Chaji aliniambia baadaye kwamba hakujua ninaweza.

Nilimkuta yule mama pembe ya jengo la posta, amesimama kivulini anatafuta kitu kwenye mkoba, miwani au nauli. Nilikuwa nahema. Nikamwambia nimekumbuka, halafu nikajisahihisha, nikamwambia nilikuwa nakumbuka tangu mwanzo. Ni mimi niliyepokea simu. Nikamweleza habari ya namba.

Nilidhani atanitukana. Ningemshukuru.

Aliniuliza kama nimekunywa maji leo. Kisha akasema kwamba kisanduku chao meneja wa karakana amekwisha kukikataa. Amesema kilichokwanguliwa hakithibitishi kitu, mtu anaweza kuchapisha namba yoyote nyumbani kwake. Anataka kuona kwa macho yake kisichoguswa, kikwanguliwe mezani.

"Alhamisi saa tisa nitakuja," nikasema. "Na kisanduku ambacho hakijaguswa. Na nitasema niliyokwambia hapa."

"Usiniahidi makubwa, mwanangu."

"Ni hayo tu."

"Basi kama ni hayo tu," akasema, na akaondoka bila kuniuliza namba ya simu.

Niliporudi, mjomba alikuwa amezishusha vepu zote rafuni. Alinitangulia kabla sijafungua mdomo. Alisema hatauza hata moja, nisije nikamfikiria vibaya. Alisema pia ameshampata muuzaji.

Sasa hapa ndipo mambo yalipojikunja. Muuzaji yule, mwenye nyota nne na nusu na maelfu ya shukrani chini ya jina lake, alijibu kwa dakika tisa. Aliomba picha ya visanduku vilivyobaki, vikiwa na stika nzima. Mjomba akavipanga kumi na tano kwenye kaunta, safu tatu za tano, akapiga. Muuzaji akajibu: nirudishieni hivyo kumi na tano kama vilivyo kwenye picha, stika zote zikiwa nzima, nitawarudishia fedha za katoni yote. Kikipungua kimoja, hakuna kitu. Mtu wa mizigo atapita Alhamisi saa nane na nusu.

"Anataka kufuta nyayo zake," nikamwambia mjomba.

"Najua. Mimi nilianza biashara kabla hujaota meno."

"Mjomba, nimeahidi kimoja."

Aliketi juu ya katoni tupu. Mjomba ni mtu wa maneno mengi. Akimuuzia mtu waya wa chaja anampa na historia ya umeme. Siku ile aliongea kidogo, tena kwa sauti ya chini, kwa hiyo sikuwa na mahali pa kukasirikia. Hakusema nilikuchukua wakati hakuna anayekutaka. Nilingoja aseme. Hakusema. Alichosema ni kwamba aliweka kila alichonacho kwenye mzigo ule, kwa sababu watu walikuwa wanaulizia zile za Maabara.

"Sikukatazi kusema," akaniambia. "Nakuomba siku tatu. Fedha zirudi, kisha nenda ukaseme hata redioni. Mimi mwenyewe nitakusindikiza."

"Kikao ni Alhamisi."

"Vikao huahirishwa, mama. Siku tatu tu."

Anaponiita mama, akiniweka mahali pa dada yake, huwa sina pa kukimbilia. Nikasema nimesikia. Hakuuliza nimesikia nini.

Jumatano nzima sikuketi. Nilifuta kaunta mpaka Chaji akauliza kama natafuta dhahabu chini ya rangi. Kila simu ilipolia niliona aproni inawaka. Ishirini na mbili. Nilikuwa nawahesabu barabarani: yule mwenye koti, mkono mfukoni, yule dereva anayengoja taa zigeuke, yule bwana mwenye suti anayemfungulia binti yake mlango wa gari. Yupi kati yao anatembea na kikaratasi changu?

Tuna daftari la wateja, wale wanaoacha namba ili wapate taarifa za mzigo mpya. Nikaanza kupiga bila kuomba ruhusa. Wa kwanza hakupokea. Wa pili alidhani namtangazia ofa. Wa tatu, mwanamke anayeuza maua, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: kama hii si salama, na wewe ndiye ulisema ni salama, sasa nikuamini kwa lipi? Nikamwambia aitoe betri, aiweke kwenye ndoo ya mchanga nje ya nyumba, aniamini kwa hilo moja tu. Akasema atafikiria.

Hadi jioni nilikuwa nimewapata saba. Mjomba aliniona na daftari. Alipita nyuma yangu, akasimama kidogo, akaenda kufunga madirisha.

Alhamisi, saa saba na dakika arobaini, mjomba aliingia stoo kutafuta gundi ya kufungia katoni. Visanduku kumi na tano vilikuwa juu ya kaunta, safu tatu za tano. Chaji alikuwa ameinamia simu ya mtu, lenzi jichoni.

Nilichukua kimoja cha pembeni, nikakitia mkobani. Kwenye nafasi yake nikaweka karatasi: "Nimechukua kimoja. Nimekwenda karakana ya samani. Nisamehe, mjomba."

"Maabara," Chaji akasema bila kuinua kichwa. "Mimi sijaona kitu. Lakini karatasi hiyo, huwezi kuiandika baadaye?"

"Nikiandika baadaye itakuwa nimeiba."

"Na sasa je?"

Nikafunga mkoba. Nikatoka.

Karakana iko nyuma ya soko la mbao. Unaijua kabla hujaiona, kwa harufu ya vanishi na kelele za msumeno. Ukutani mwa chumba cha kubadilishia nguo palikuwa na alama nyeusi, pana kama mlango, imepanda mpaka darini. Yule mama alikuwa kwenye benchi nje ya ofisi. Aliponiona hakusimama. Alisogea tu, akanipa nafasi ya kukaa, akafuta benchi kwa kiganja.

Ndani tulikuwa wanne. Meneja, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Fundi Rangi, mwembamba, amevaa shati lililopigwa pasi, mkono wa kulia umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Mkewe. Na mimi.

Nilipowaamkia tu, Fundi Rangi aligeuza kichwa.

"Ni yeye," akamwambia mkewe kwa sauti ya chini. "Sauti ndiyo hiyo."

Hakukuwa na hasira ndani yake. Alikuwa kama mtu aliyekuwa anaanza kuitilia shaka akili yake, sasa ameambiwa hajapungukiwa.

Niliweka kisanduku mezani. Meneja alikikagua pande zote, akaivuta stika kwa kucha kuona kama imebandikwa upya, akatoa ufunguo wa droo, akakwangua mwenyewe. Akasoma namba kwa sauti. Fundi Rangi akakisukuma kisanduku chake kilichobonyea, meneja akasoma tena. Nikampa na daftari langu. Tarakimu kumi na mbili, mara tatu.

"Haya," meneja akasema. "Ni feki. Nimeridhika."

Mama akashusha pumzi. Hata mimi. Nikaanza kuinuka.

"Kaa," meneja akasema. "Sijamaliza."

Akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikuwa na mafundi thelathini na moja na ukuta mweusi. Alisema hivi: kama ni feki, basi jambo ni zito zaidi. Tovuti ilimwonya fundi wake kwamba namba ina walakini. Alionywa, akaendelea kukitumia kitu hicho, akaja nacho kwenye jengo lenye thina. Kuvuta ni kosa moja. Kuleta hatari unayoijua kazini ni kosa kubwa kuliko hilo.

Kisanduku nilichokitorosha, ambacho mjomba wangu alikuwa anakihesabu muda uleule, kilikuwa kimemzamisha mtu niliyekuja kumwopoa.

"Alipiga simu dukani," mkewe akasema.

"Ndivyo anavyosema. Kama ni kweli aliuliza akahakikishiwa na muuzaji, basi alifanya alichoweza, na barua hii naichana sasa hivi." Akanigeukia mimi. "Na gharama za ukuta ule na stoo yangu nitazipeleka kwa aliyemhakikishia. Nakwambia mapema, binti, ili usije ukasema sikukwambia. Wewe ni mwajiriwa tu pale, sivyo? Nenda kaongee na mwenye duka. Nileteeni jibu kwa maandishi wiki ijayo. Kikao nitakisogeza."

Siku tatu, zaidi ya siku tatu. Mjomba alisema vikao huahirishwa, na hiki hapa kimeahirishwa chenyewe. Ningeweza kuamka, nikashukuru, nikakimbia. Nilifikiri hivyo kweli. Miguu yangu ilifikiri kabla yangu.

"Na mshahara wangu wiki hiyo?" Fundi Rangi akauliza.

"Umesimamishwa mpaka kikao kiishe. Huo ndio utaratibu."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaniambia mimi, taratibu, kama tulivyozungumza kwenye simu ile Jumamosi: "Nenda tu, dada. Usije ukaharibikiwa na wewe. Umekuja, na kisanduku umekileta. Inatosha."

Mkewe alikuwa anaitazama bandeji. Hakunikumbusha chochote.

Mlango ukagongwa mara moja, ukafunguka bila kungoja.

Alikuwa mjomba. Shati limemganda mgongoni, karatasi yangu mkononi, imekunjwakunjwa. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na robo. Mtu wa mizigo alikuwa amekuja na kuondoka, au alikuwa bado anangoja mlangoni kwetu na visanduku kumi na vinne. Sikuweza kusoma lipi usoni mwa mjomba. Alitazama kisanduku mezani, stika yake imekwanguliwa, unga wa fedha umetapakaa kwenye meza ya meneja.

"Mama," akaniambia.

Meneja aliinua mkono kumzuia asiendelee, akaniuliza mimi, kwa mara ya mwisho, kama ninachukua ile wiki au siichukui.

Nilimtazama mjomba nilipokuwa nasema. Niliona ni haki yake nimtazame.

"Alipiga Jumamosi, kabla ya saa sita," nikasema. "Aliniuliza kama ni salama. Nilimwambia ni mimi niliyekikagua na asiwe na wasiwasi. Kisanduku chake sikuwahi kukikagua. Niliandika tu kwamba nimekikagua."

Meneja akavaa miwani, akaandika. Aliandika kwa muda mrefu kuliko nilivyoongea. Halafu akachukua ile barua ya kujieleza, akaipasua katikati, vipande akamkabidhi Fundi Rangi, naye akavipokea kwa mkono wa kushoto.

Hapo ndipo meneja alipomtazama mtu aliyesimama mlangoni.

"Na wewe ni nani?"

Kulikuwa na viti viwili vitupu, kimoja upande wa meneja, kimoja upande wangu.

"Mimi ndiye mwenye duka," mjomba akasema, akavuta kiti cha upande wangu.